Kufukia Moto Si Kuzima: Ujenzi wa Shimo la Moto la Kudumu kwenye Kambi za Kando ya Msitu

Katika nyumba nyingi za Usambara, kabla kiberiti hakijawa kitu cha kila duka, mama wa nyumba alilaza moto kwa kufukia kaa kubwa ndani ya jivu. Alfajiri alifukua jivu, akaongeza vijiti vikavu, akapuliza, na moto ukaamka. Wazee wa kata zote wanaijua desturi hiyo, na katika vijiji vya juu bado wapo wanaoifuata. Hata hivyo, watu hao hao wakilala kambini kando ya msitu huvuta udongo kwa mguu asubuhi, wakafunika makaa, wakabeba mizigo yao na kuondoka wakiamini kwamba moto umezimwa. Kilichofanyika hapo ni kilekile alichokifanya mama jikoni: moto umelazwa, na atakayeuamsha ni upepo.

Makala hii inaeleza namna ya kujenga shimo la moto litakalodumu miaka mingi kambini, na namna ya kulizima. Inawahusu walinzi wa mashamba wanaokesha kuwafukuza nguruwe na ngedere, doria za misitu za vijiji, wafanyakazi wa mashamba ya miti, wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo, na wananchi wanaopokea wageni wa kutembea milimani na kuwapatia mahali pa kupiga hema.

Kambi za porini si jambo geni katika milima hii. Mbegha, ambaye habari zake ziliandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, anakumbukwa kwanza kama mwindaji wa nguruwe kabla ya kukumbukwa kama mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi. Wajerumani nao, walioiita Lushoto kwa jina la Wilhelmstal, waliliita bonde mojawapo la jirani Jaegertal, yaani bonde la mwindaji, na jina hilo halijafutika hadi leo. Mwindaji wa zamani aliwasha moto wake juu ya mafiga matatu, akala, akalala, akahama. Misitu ilikuwa mikubwa na watu walikuwa wachache. Leo hali ni kinyume. Mashamba yamefika kwenye mpaka wa msitu, na kambi ileile hutumiwa mara nyingi kwa mwaka na watu wasiofahamiana.

Uwindaji wenyewe sasa una mipaka ya kisheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, inamtaka mwindaji awe na leseni, na ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba hakuna ruhusa ya kuwinda. Kwa hiyo yeyote anayejenga shimo la moto kwa maelekezo ya makala hii ajenge kwenye ardhi ya kijiji au ya kwake mwenyewe, au pale ambapo Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) umetenga mahali pa kambi. Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka 2002, inakataza kuwasha moto ndani ya hifadhi bila kibali. Shimo zuri la moto si kibali.

Moto unavyosafiri chini ya ardhi

Msitu wa mlimani, kama ule wa Magamba wenye zaidi ya hekta 9,000, hausimami juu ya udongo mtupu. Majani, matawi na magome ya mikulo na miti mingine huanguka mwaka hadi mwaka, yakaoza taratibu kwa sababu ya baridi, na kufanya tabaka jeusi la mboji lililoshonwa na mizizi. Mahali pengine tabaka hilo lina kina cha kiganja tu. Kwingine mtu huzamisha mkono hadi kiwiko. Likiwa bichi hunyonya ukungu na mvua, kisha huyaachia maji polepole kwenye chemchemi. Mto Umba na vijito vingi vinavyomwagilia mabonde ya mboga huanzia katika misitu ya namna hiyo.

Mboji ikikauka huwa kuni. Haiwaki kwa ndimi za moto kama nyasi, bali huungua ndani kwa ndani, bila mwanga na kwa moshi mdogo unaofanana na ukungu wa asubuhi. Moto ukishaingia kwenye mzizi mkavu hutambaa nao chini ya ardhi, na unaweza kujitokeza mita kadhaa kutoka ulipoanzia, siku nyingi baada ya waliouwasha kurudi makwao. Ndiyo maana mara nyingi mwenye kosa hupatikana kwa shida. Hakuwapo moto ulipotokea, na yeye mwenyewe huapa, tena kwa dhati, kwamba aliuzima.

Udongo wa kufukia huzidisha tatizo hilo kuliko kulipunguza. Kaa lililofunikwa halipotezi joto lake kwa upepo wala kwa umande, na hewa kidogo inayopenya katikati ya chembe za udongo hutosha kulifanya liungue polepole kwa saa nyingi. Udongo uliochanganyika na mboji ni mbaya zaidi, kwa kuwa aliyefukia amelifunika kaa kwa chakula chake.

Mfano wa karibu uko kwa jirani. Mwezi Oktoba 2020 moto ulizuka katika Mlima Kilimanjaro, eneo la Whona, ambapo wapanda mlima hupumzika kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Taarifa za awali za Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) zilieleza kuwa ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Mamia ya watu walipanda kuuzima, na uliendelea kuwaka kwa siku kadhaa. Ulikuwa moto wa kupasha chakula, kama ule unaowashwa kila jioni kwenye kambi za Usambara.

Kuchagua mahali

Kazi ya kwanza haihitaji jembe. Mjenzi atembee eneo la kambi mchana, na arudi tena jioni, kwa sababu upepo wa milimani hubadilika. Mchana hewa ya bondeni hupata joto na kupanda mteremko. Usiku hupoa na kushuka. Mahali palipoonekana patulivu saa nane mchana huenda pakawa njia ya upepo saa nne usiku, na cheche zikapelekwa kwenye mahema.

Moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, kwa kuwa ndimi zake huegemea na kukausha kile kilicho mbele yake. Kwa sababu hiyo haifai kuweka shimo chini ya mteremko wenye nyasi au vichaka, hata kama pana kivuli kizuri. Mgongo wa kilima nao ni wa upepo mwingi. Panapofaa zaidi ni kwenye ngazi tambarare iliyo ubavuni mwa kilima, kama matuta ya shamba yalivyo, ambapo upande wa juu pameshalimwa au pana njia pana. Wakulima wa Lushoto wamezoea kukata ngazi za kuhifadhi udongo, na ngazi ya zamani iliyoachwa ni kiwanja kilichokwisha kutayarishwa. Kukata ngazi mpya kwenye mteremko mkali kwa ajili ya kambi tu ni kukaribisha mmomonyoko, na si jambo la kushauriwa.

Kutoka ukingo wa shimo hadi nyasi ndefu au ukingo wa msitu pawe na mita 10 au zaidi, na hadi hema la karibu pasipungue mita 5. Juu yake pasiwe na tawi lolote. Kwa upande wa maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Wengi hupenda kupiga kambi kandokando ya kijito ili wasichote maji mbali. Kutembea hatua 80 na ndoo ni usumbufu mdogo ukilinganishwa na majivu na mabaki ya chakula kuingia kwenye maji yanayonywewa na kijiji cha chini.

Mawe, matofali na kile kisichofaa

Milima ya Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na miamba yake ni ya kale sana, iliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi hadi ikawa na mistari myeupe na myeusi. Mengi ya mawe hayo yanastahimili moto vizuri, lakini si yote, na hapa ndipo wajenzi wengi hukosea.

Jiwe la mtoni lisitumike hata kama ni zuri kwa sura. Limekaa majini miaka mingi, na maji yamepenya kwenye nyufa zake zisizoonekana. Likiwekwa motoni, maji hayo hugeuka mvuke, mvuke hutafuta nafasi, na ukiikosa jiwe hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande vyenye makali. Waliowahi kukaa kwenye mafiga ya namna hiyo wanaujua mlio wake. Mawe yachukuliwe juu ya kilima, mahali pakavu, au kwenye marundo yaliyotolewa mashambani.

Mawe yenye ulanga mwingi, yale yanayometameta na kubanduka kwa ukucha kama kurasa za kitabu, nayo yaachwe; joto huyafanya yaachane tabaka kwa tabaka. Kupima jiwe ni rahisi. Ligongwe kwa nyundo au kwa jiwe jingine: likitoa mlio wa wazi, ni zima; likitoa sauti iliyokufa, lina ufa ndani. Kisha litazamwe mistari yake. Jiwe la mistari lilazwe ili mistari ilale pamoja nalo, kwani likisimamishwa hubanduka upande unaotazama moto.

Matofali ya kuchoma yanayofyatuliwa wilayani yanafaa sana kwa ukuta wa ndani, mradi yawe yameiva. Tofali lililoiva hulia kama chungu na halimeng'enyuki likilowekwa usiku kucha. Lililo bichi hurudi kuwa udongo katika masika ya kwanza. Matofali ya saruji hayafai. Saruji ngumu hushikilia maji ndani yake, na moto mkali wa mara kwa mara huyaondoa maji hayo hadi ikawa unga. Wapo waliojenga kwa saruji wakijivunia uimara wake, na baada ya msimu mmoja ukuta ukamomonyoka kwa ndani huku nje ukionekana imara. Saruji ikitumika, ibaki kwenye sakafu ya kuzunguka shimo, mbali na moto.

Kinachofaa kuunganisha mawe ni udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu uliochanganywa na mchanga uliochekechwa. Kipimo hutegemea udongo wenyewe. Fundi afinyange donge la ukubwa wa yai, alikaushe kivulini siku mbili, kisha alitazame. Likiwa na nyufa, mchanga uongezwe. Likivunjika kwa vidole bila kutumia nguvu, mchanga umezidi. Kazi hii ndogo hurukwa kwa haraka ya kumaliza, na ndiyo inayoamua kama ukuta utakaa.

Kuchimba na kujenga

Vifaa ni jembe, sululu, beleshi, mtaimbo, nyundo, kamba na kigingi. Watu wawili wanaojua kazi, mawe yakiwa tayari, huchimba na kujenga kwa siku moja.

Kigingi kipigwe katikati, na kwa kamba ya sentimita 70 lichorwe duara. Hilo litakuwa shimo lenye upana wa sentimita 140, ambalo baada ya kujengwa ukuta wa sentimita 30 litabaki na nafasi ya ndani ya sentimita 80. Nafasi hiyo hutosha kwa moto wa kupikia na kuota kwa watu kumi. Kubwa zaidi ya hapo hula kuni bila faida, na ni vizuri kukumbuka kuwa watu hujaza kuni shimo lolote walilopewa.

Tabaka la juu, lenye nyasi, mizizi na mboji, litolewe lote na kuwekwa kando. Ni mbolea nzuri kwa bustani. Kisha kuchimba kuendelee hadi kina cha sentimita 45. Kipimo hiki hakitoshi chenyewe. Chini kabisa panatakiwa kuonekana udongo mwekundu au wa manjano usio na mzizi wala weusi wa mboji. Kama kwa kina hicho bado pana weusi, kuchimba kuendelee hadi uishe. Na kama hauishi, mahali hapo ni pa msitu na si pa moto, shimo lirudishiwe na kambi ihamishwe. Kila mzizi uliokatwa kwenye kuta za shimo ufukuliwe nyuma kiasi cha shibiri na nafasi yake izibwe kwa udongo mwekundu uliokandamizwa. Mzizi mmoja mkavu ulioachwa ukitazama moto ni utambi.

Udongo utakaotoka ni kiasi cha madebe 45. Unafaa kukandamizwa kuzunguka shimo ili kuinua ukingo kidogo, maji ya mvua yasitiririkie ndani.

Mvua ya Usambara ndiyo adui mkubwa wa shimo la moto. Shimo lisilotoa maji hugeuka dimbwi wakati wa masika; mawe hulowa, na mtu wa kwanza atakayewasha moto baada ya mvua atayapasua. Kwenye ardhi yenye mteremko, uchimbwe mtaro wenye upana wa sentimita 15 kuanzia sakafu ya shimo hadi utokeze nje upande wa chini, mita mbili au tatu kutegemea mteremko. Mtaro huo ufunikwe kwa mawe bapa na kurudishiwa udongo juu yake, mdomo wake wa nje ukiachwa wazi na kuzungushiwa kokoto. Una kazi mbili: hutoa maji, na moto ukiwaka hupitisha hewa kutoka chini, hivyo kuni huungua vizuri na moshi kupungua. Shimo lisilo na njia ya hewa hujaza macho machozi, na wenye kambi huishia kuwasha moto nje yake, kwenye nyasi. Katika ardhi tambarare ambapo mtaro hauwezi kutokeza, kina kiongezwe sentimita 15 za kokoto zaidi ili maji yanywee chini, na iachwe njia fupi ya hewa yenye mteremko upande mmoja.

Sakafuni ziwekwe kokoto au changarawe kavu kwa unene wa sentimita 15, kiasi cha madebe 12, na kushindiliwa. Juu ya changarawe hiyo ndipo ukuta unapoanza. Mawe makubwa yatangulie, uso ulio sawa ukitazama ndani, kila jiwe likikaa juu ya kiungo cha mawili yaliyo chini yake. Safu tatu za mawe yenye kimo cha sentimita 15 zitafikisha ukuta sentimita 15 juu ya ardhi. Kila safu inahitaji mawe kama 12, kwa hiyo yakikusanywa 45 kutabaki ya kuchagulia. Udongo wa kuunganishia uwe mwembamba. Jiwe ndilo linalobeba jiwe, na udongo ni wa kuziba mianya tu. Mwanya kati ya ukuta na ardhi ujazwe udongo mwekundu na kushindiliwa kila safu inapokamilika, si mwishoni, kwani mwishoni hauwezi kufikia chini.

Kwa kupikia, vipande vitatu au vinne vya nondo vikilazwa juu ya ukuta hubeba sufuria kubwa bila kuyumba. Waya na mabati yaliyopakwa zinki yasitumike kuchomea nyama, kwa kuwa joto kali hutoa moshi wa zinki unaodhuru mapafu.

Baada ya hapo mzunguko wa mita 3 kutoka ukingoni upaliliwe hadi udongo uonekane, na mita ya kwanza ya mzunguko huo imwagwe changarawe. Ukuta uachwe ukauke kivulini kwa wiki mbili, ukifunikwa usinyeshewe. Moto wa kwanza uwe wa vijiti tu kwa muda wa saa moja. Wa siku ya pili uongezwe kidogo. Wa siku ya tatu uwe wa kawaida. Nyufa nyembamba zitakazojitokeza kwenye udongo zizibwe. Anayewasha gogo siku ya kwanza hupika mvuke ndani ya ukuta wake.

Kuni

Msindano na mtarakwa wa mashamba ya miti huwaka upesi, lakini utomvu wake hurusha cheche mbali, hasa kuni zikiwa hazijakauka. Muwati, mkaratusi na matawi ya mgrevilea yaliyokauka mwaka mmoja hutoa makaa mazuri na cheche chache. Kuni zitoke shambani au zinunuliwe kijijini. Kuokota ndani ya hifadhi kunafuata utaratibu wa TFS, na utaratibu huo huulizwa ofisini kabla ya kwenda. Gogo refu kuliko shimo lisiwekwe kwa nia ya kulisogeza linavyoungua. Aliyepewa kazi ya kulisogeza ndiye huyo huyo atakayesinzia.

Kuzima

Nusu saa kabla ya kulala au kuondoka, kuni zisiongezwe tena. Makaa yatawanywe kwa kijiti sakafuni ili yapoe na mawe ya ukuta yapunguze joto. Hatua hii inalinda shimo lenyewe: maji baridi yakimwagwa juu ya jiwe lililo jekundu kwa moto, jiwe hupasuka, na msimu mmoja wa uzimaji wa namna hiyo hutosha kuharibu ukuta uliojengwa kwa uangalifu.

Kisha maji yamiminwe polepole juu ya makaa, si ukutani, aliyeshika ndoo akisimama upande wenye upepo ili mvuke usimuunguze. Makaa yakorogwe kwa beleshi hadi ya chini yaje juu, maji yamiminwe tena, yakorogwe tena. Kwa shimo la ukubwa huu ndoo mbili za lita 20 hutosha, na ndoo hizo zijazwe na kuwekwa kando ya shimo kabla kiberiti hakijawashwa. Mwishowe mtu asogeze mgongo wa mkono karibu na majivu, na asipohisi joto ayaguse. Kama mkono hauvumilii, moto haujazimika. Magogo yaliyoungua nusu yageuzwe na kuguswa upande wa chini, ambako kaa hujificha.

Walinzi wa mashamba wana shida ya pekee, kwa kuwa maji huwa mbali na kibanda, na moto wao hukesha hadi alfajiri. Hao hulazimika kupandisha madumu mchana, na wenye mashamba yanayopakana wanaweza kuchangia pipa moja la maji ya mvua kwa vibanda vyao. Mlinzi anayeshuka asubuhi kwenda kupumzika amechoka na ana baridi, hasa katika miezi ya Juni hadi Agosti ambapo kule Shume na Lukozi baridi ni kali. Kumtarajia ateremke bondeni kuchota maji kisha apande tena si haki, na hatafanya. Pipa likiwa pale, atafanya.

Majivu yaliyopoa kabisa yatolewe kila baada ya matumizi machache na kupelekwa shambani. Yasitolewe siku ileile. Kaa moja lililojificha ndani ya ndoo ya majivu hukaa hai hadi kesho yake, kama lilivyokaa jikoni kwa mama.

Shimo lisipotumika lifunikwe kwa kipande cha bati kilichowekewa jiwe juu. Baada ya masika na baada ya vuli, mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji au mwenye kambi alikague: mdomo wa mtaro uzibuliwe, viungo vilivyooshwa na mvua visilibwe upya, jiwe lenye ufa libadilishwe, na mzunguko wa mita 3 upaliliwe. Moto wa kwanza wa msimu uwe mdogo tena, kwa sababu mawe yamekaa kwenye unyevu.

Anayetaka kujenga kwenye ardhi ya kijiji aanze kwa mtendaji wa kijiji, ambaye atamweleza sheria ndogo zinazohusu moto katika kijiji hicho. Kwa kambi zinazopakana na hifadhi aonane pia na ofisi ya TFS. Ushauri kuhusu mahali na ujenzi hutolewa na maofisa misitu wa Halmashauri. Mwananchi akiona moshi unaotoka ardhini mahali pasipo na watu, asisubiri kuona ndimi za moto: atoe taarifa kwa mtendaji, na apige namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, akitaja kitongoji, upande wa kilima na njia inayofika hapo.